Betri Huuawa na Joto la Dar, Lawama Hupewa Baridi ya Njombe

Julai ya mwaka 2022 nililala Njombe mjini nikiwa safarini kutoka Dar es Salaam kwenda Songea. Gari langu, Toyota IST ya kawaida kama zilivyojaa mitaani kwetu, lilikuwa limepanda kutwa nzima bila kulalamika, na usiku huo nililiegesha nje ya nyumba ya wageni. Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umefunika barabara, niligeuza ufunguo. Stata ikaguna mara moja, kisha ikabaki inagonga tu, ta-ta-ta, na taa za dashibodi zikafifia mbele ya macho yangu. Mlinzi wa pale na dereva wa Fuso aliyekuwa anapasha injini yake moto walitoa hukumu kwa sauti moja: "Baridi ya huku imekuulia betri, mzee." Dereva yule aliniletea nyaya, akanibusti, na nikaendelea na safari nikiamini kwamba Njombe ndiyo iliyoniponza.

Betri ile ilikuwa na miezi kumi tu na dhamana ya miezi kumi na miwili. Niliporudi Dar es Salaam niliipeleka dukani nilikoinunua. Muuzaji akatoa kipimo chake, akagusa nguzo mbili za betri, akatikisa kichwa na kuniambia kwamba betri ilitoka kiwandani ikiwa nzima, mimi ndiye niliyeichosha, hivyo dhamana hainihusu. Nilibishana naye kwa muda, lakini ukweli ni kwamba sikuwa na cha kumjibu. Yeye alikuwa na kipimo; mimi nilikuwa na masikitiko. Niliondoka na betri mpya niliyoilipia upya, na swali ambalo limenishughulisha tangu siku hiyo: ni nani hasa huua betri za magari yetu, na kwa nini wenye magari, tuliozika betri nyingi namna hii, hatuna la kusema inapofika zamu yetu ya kudai haki?

Waulize wenye magari watano kuhusu betri na utapata majina ya kampuni matano. Huyu anaapa kwamba betri ya kampuni fulani ilimtumikia miaka minne, yule anaapa kwamba ileile ilimfia ndani ya mwaka. Wote wawili wanasema kweli, na ndiyo maana mazungumzo hayo hayatufikishi popote. Jina lililobandikwa juu ya kasha lina uzito wake, sikatai, kwa sababu kuna betri zilizotengenezwa kwa risasi nyembamba na kuuzwa kwa bei ya kuvutia. Lakini katika mazingira ya pwani yetu, mambo matatu hushinda jina: joto ambalo betri inaishi ndani yake, chaji inayoipata kila siku, na umri iliokuwa nao siku uliyoinunua. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo wengi wetu tumewahi kulipima au kuliandika.

Nianze na joto, kwa sababu ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Betri ya risasi na tindikali ni ya zamani. Mfaransa Gaston Planté aliibuni mwaka 1859, na msingi wake haujabadilika sana. Ndani ya kasha kuna vyumba sita, kila kimoja kikitoa takriban volti 2.1, na ndani ya kila chumba kuna bamba za risasi zilizozama katika tindikali ya salfa iliyochanganywa na maji. Umeme unapatikana kwa mmenyuko wa kikemia, na mmenyuko wa kikemia huenda kasi kadiri joto linavyopanda. Hiyo inajumuisha mmenyuko tunaoutaka na ule tusioutaka: fremu za bamba chanya huliwa na kutu haraka zaidi, na maji hupotea haraka zaidi. Kanuni inayotumiwa na wataalamu ni kwamba, kuanzia nyuzi 25 za Selsiasi, kila ongezeko la takriban nyuzi 10 hupunguza uhai wa betri kwa karibu nusu. Sasa fikiria Dar es Salaam mwezi wa Februari, hewa ya nje ikiwa nyuzi 32, gari limekwama kwenye foleni ya Ubungo na kiyoyozi kinafanya kazi, huku betri ikiwa imekaa karibu kabisa na injini. Chini ya boneti hapo joto huweza kupita nyuzi 60. Hata ukizima gari, joto halishuki mara moja. Kwa dakika kadhaa huzidi kupanda, kwa kuwa feni imesimama na upepo wa mwendo haupo, huku chuma cha injini kikiendelea kutoa moto wake.

Baridi haifanyi hivyo. Baridi hupunguza kwa muda uwezo wa betri kutoa umeme, na huifanya oili ya injini iwe nzito, kiasi kwamba stata inahitaji nguvu zaidi kuizungusha. Betri nzima huvumilia hali hiyo bila shida kwa baridi ya kiwango chetu. Betri iliyokwisha kuliwa huumbuka. Kwa maneno mengine, betri yangu iliuawa Dar es Salaam kidogo kidogo kwa miezi kumi, na mazishi tu ndiyo yaliyofanyika Njombe. Ninapowasikia watu wanaorudi kutoka Mbeya, Iringa au Lushoto wakisema kwamba baridi ya milimani inaharibu betri, natamani wangewauliza wenyeji wa huko, ambao magari yao hushinda na kulala katika baridi hiyohiyo.

Hata hivyo joto peke yake halikutosha kuniulia betri kwa miezi kumi, na hili nilifundishwa na fundi umeme mmoja wa Mwananyamala. Nilimpelekea gari likiwa na betri mpya, nikamweleza yaliyotokea, na nilitarajia anipe maoni kuhusu kampuni. Hakuuliza hata jina. Alifungua boneti kabla injini haijawashwa, akapima: volti 12.2. Akaniambia niwashe gari, niwashe na taa kubwa, kiyoyozi na redio, kisha akapima tena injini ikiwa inazunguka taratibu: volti 13.3. Akanyamaza kidogo, akapitisha vidole kwenye waya mnene mweusi unaotoka kwenye nguzo hasi kwenda kwenye bodi ya gari, na ule waya ukacheza mkononi mwake. Chini ya kibano kulikuwa na unga mweupe wenye ukijani, kama chumvi iliyoota. Alikikwangua kwa msasa, akamwagia maji ya moto, akakaza nati kwa spana namba kumi, akapima kwa mara ya tatu: 14.1. Kazi yote haikuchukua nusu saa. "Betri yako haijawahi kushiba tangu uinunue," akasema. "Inalala njaa kila siku, halafu unailaumu kwamba imekonda."

Kauli hiyo ina sayansi kamili ndani yake. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia kwa saa kadhaa husoma takriban 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.4 imebakiwa na kama robo tatu ya chaji, na ikisoma 12.2 imebakiwa na nusu. Tofauti ya nusu volti, ambayo kwa macho ya mtu asiyejua inaonekana si kitu, ndiyo tofauti kati ya tumbo lililoshiba na tumbo tupu nusu. Betri inapobaki katika hali hiyo siku baada ya siku, salfeti ya risasi inayojitengeneza juu ya bamba wakati wa kutoa umeme huanza kuganda na kuwa fuwele ngumu, na fuwele hizo hazirudi tena kuwa risasi hata ukichaji. Kila wiki ya njaa hukata kipande cha uwezo ambacho hakirudi. Alternata, yaani mtambo unaozungushwa na injini ili kuchaji betri, ikiwa nzima inatakiwa kutoa kati ya volti 13.8 na 14.7; yangu ilikuwa nzima, ila waya mmoja uliolegea uliizuia kulisha betri ipasavyo.

Hapa ndipo mizunguko yetu ya kila siku inapoingia. Kuwasha gari kwenyewe hakuli umeme mwingi kama watu wanavyodhani. Tatizo ni kurudisha. Betri ya risasi hupokea chaji kwa haraka inapokuwa tupu, lakini sehemu ya mwisho, ile asilimia 20 ya juu, huingia taratibu kwa saa kadhaa. Mtu anayetoka Sinza kwenda Mwenge na kurudi, mwendo wa dakika chache huku taa na kiyoyozi vikiwa vimewashwa, haifikii sehemu hiyo hata siku moja. Dereva wa daladala anayeendesha kutwa nzima huijaza betri yake kila siku, na ndiyo maana unaweza kukuta gari chakavu la abiria lenye betri imara kuliko ya gari safi linalotoka Jumapili kwa Jumapili kwenda kanisani. Wenye magari ya kukaa nyumbani huniambia kwa mshangao kwamba gari halitumiki kabisa, sasa betri imechoka na nini? Imechoka kwa sababu hiyohiyo.

Na gari lililoegeshwa halijalala kikamilifu. Saa, kumbukumbu ya kompyuta, king'ora, na siku hizi kile kifaa cha kufuatilia gari ambacho hufungwa hasa kwenye magari ya mkopo, vyote hunyonya. Gari zima hunyonya kidogo sana. Lakini vikijumlishwa vifaa vilivyofungwa ovyo na kufikia ampea 0.1 tu, ni ampea-saa 2.4 kwa siku (ampea-saa ni ampea moja ikitoka kwa saa moja). Betri ya NS60, yenye takriban ampea-saa 45, itakuwa imepoteza zaidi ya 33 kwa wiki mbili, hata kama ilikuwa imejaa pomoni ulipoondoka kwenda msibani Bukoba. Ukirudi unakuta imekufa, unamwita mtu akubusti, kisha unaiachia alternata kazi ya kujaza betri tupu kabisa, kazi ambayo haikutengenezwa kuifanya. Betri ya namna hiyo ipelekwe kwenye chaji ya taratibu usiku kucha; gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya alternata iliyoungua.

Jambo la tatu, umri, linakera zaidi kwa sababu linafichwa waziwazi. Zamani betri nyingi ziliuzwa zikiwa hazina tindikali. Muuzaji aliimimina mbele yako, akaichaji, na uhai wa betri ukaanza siku hiyo. Hii ambayo leo tunaiita betri kavu si kavu hata kidogo; ina tindikali tangu kiwandani, ila imefungwa tu, na uhai wake huanza kuhesabiwa huko. Inapokaa melini, bandarini na ghalani chini ya bati, inapoteza chaji polepole, na joto la ghala huharakisha upotevu huo. Ikikaa bila kuchajiwa, fuwele zilezile huota ndani ya betri ambayo wewe utaiita mpya. Tarehe ya kutengenezwa mara nyingi ipo, imegongwa kwenye mfuniko au ubavuni kwa herufi na tarakimu za siri ambazo kila kampuni huzipanga kwa mtindo wake. Nimesimama mbele ya makaunta ya maduka ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, nikiuliza maana ya alama hizo, na mara nyingi hata anayeuza hawezi kuzisoma. Mteja anakagua tarehe ya mkate wa siku tatu, lakini betri ambayo itambeba yeye na watoto wake usiku anainunua bila kujua ina miezi miwili au ishirini.

Kuna waliowahi kutoka kwenye hali hii, na mfano wao naupenda kwa sababu nao walianza wakiwa na malalamiko matupu. Nissan ilianza kuuza gari la umeme la Leaf Desemba 2010. Betri yake ya kilowati-saa 24 haikuwa na mfumo wa kupozwa kwa maji. Ilitegemea hewa tu. Kiangazi cha mwaka 2012, wenye magari hayo katika jiji la Phoenix, jimbo la Arizona nchini Marekani, ambako joto hupita nyuzi 40 kwa wiki nyingi mfululizo, walianza kuona vijiti vya kipimo cha uwezo kwenye dashibodi, ambavyo ni 12, vikipotea kimoja baada ya kingine kabla ya wakati. Kampuni ilijibu kwamba magari yalikuwa yanafanya kazi kama inavyotarajiwa kwa joto na umbali ule. Wenye magari hawakuishia kulalamika. Waliandika tarehe kila kijiti kilipopotea, wakaandika kilomita, wakayaendesha magari yao katika njia moja kwa mwendo uleule na kulinganisha umbali ambao kila betri ilifikisha. Kabla mwaka haujaisha, Nissan ilitangaza dhamana mahsusi ya uwezo wa betri: ikishuka chini ya vijiti 9 ndani ya miaka mitano au maili 60,000, yaani takriban kilomita 96,000, kampuni itairekebisha au kuibadilisha. Modeli ya mwaka 2015 ilikuja na betri yenye kemia iliyoboreshwa kuvumilia joto.

Betri ya Leaf ni ya lithiamu na betri ya IST ni ya risasi, na teknolojia zake hazifanani. Adui ni yuleyule. Na njia ya kumshinda ni ileile: tarehe, kipimo, daftari. Wenye Toyota Aqua na Prius nao wanapaswa kuizingatia, kwani ni magari ya haibridi, yanayotumia petroli na umeme kwa pamoja, na betri kubwa ya haibridi katika Aqua za kizazi cha kwanza, yenye volti 144, hupozwa kwa feni inayovuta hewa kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma, tundu ambalo kwetu huzibwa na vumbi, mizigo na makava ya viti bila mwenye gari kujua lina kazi gani. Wengi wanasema haibridi hazifai Afrika. Ningependa kwanza kuona tundu la hewa la anayesema hivyo.

Betri inayokufa mapema haiishii kwenye mfuko wa mwenye gari. Kila moja ina kilo kadhaa za risasi, na mtu atakuja kuinunua kwa uzito. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulijifunza maana ya jambo hilo kupitia damu ya watoto wake, baada ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kuchafua udongo na hewa yao kwa risasi. Phyllis Omido, mama ambaye mtoto wake mwenyewe aliathirika, aliwaongoza wakazi hadi mahakamani. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020, na baada ya uamuzi huo kutenguliwa katika rufaa, Mahakama ya Juu iliurejesha Desemba 2024. Betri iliyotakiwa kuishi miaka mitatu ikifa kwa mmoja, tunazalisha mara tatu ya mzigo huo, na kuna mtaa fulani utakaoubeba.

Kwa hiyo naona Shirika la Viwango na Tume ya Ushindani za hapa Tanzania zina kazi ya wazi hapa, na haihitaji maabara mpya. Tarehe ya kutengenezwa iandikwe kwa mwezi na mwaka, kwa tarakimu ambazo kila mtu anaweza kuzisoma. Betri ipimwe mbele ya mteja siku ya mauzo na volti zake ziandikwe kwenye risiti. Na muuzaji anayekataa dhamana kwa hoja kwamba mteja ameichosha betri alazimike kuonyesha, kwa maandishi, kwamba alipima pia chaji ya alternata na unyonyaji wa gari lililozimwa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 tayari inakataza kumpotosha mlaji. Kumuuzia betri ya mwaka mzima kwa jina la mpya, huku umri wake umefungwa ndani ya mafumbo, sijui kunaitwaje kama si kumpotosha. Muuzaji mwaminifu hatapoteza kitu. Kinyume chake, atalindwa dhidi ya mteja ambaye kweli ameacha waya umelegea kwa miezi kumi, kama nilivyofanya mimi.

Kwa upande wangu, nilinunua kipimo kidogo cha umeme, ambacho bei yake haifiki hata robo ya bei ya betri, na nikabandika kipande cha kadi ndani ya kisanduku cha dashibodi. Juu yake nimeandika siku niliyofunga betri na alama zilizogongwa kwenye mfuniko. Chini yake kuna safu mbili: volti za asubuhi kabla ya kuwasha, na volti za chaji taa zikiwa zimewashwa. Huandika mara moja kwa mwezi, kazi ya dakika mbili. Betri hii ilipofikisha miezi kumi, umri uleule ambao betri ya kwanza ilinifia Njombe, safu ya kwanza inasoma 12.6. Ilipofikisha miezi ishirini na saba inasoma 12.5.